Mtani Haombi

Droni iliyobeba pafu la mdogo wangu ilifika juu ya Makambako, ikasita, kisha ikageuza pua kuelekea Songea. Niliiona mwenyewe kwenye skrini ya chumba cha mitambo, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka.

Usinitolee macho. Yalikuwa mazoea. Kila wakala wa hospitali moja alipobeba kifaa cha hospitali nyingine alirusha neno la utani kwenye spika, na sisi wa hospitali ya Kilimajuu, Iringa, tuliyazoea maneno hayo kuliko taarifa ya habari. Asubuhi ile sauti ya wakala wa Mtomweupe ilikuwa imechangamka kweli: "Kamwene, Mnyalu! Nimepita jikoni kwako hukuwepo, nimeondoka na chungu na mboga yake. Nuna basi, mtani!"

Nikacheka, nikanyoosha mkono nichukue kikombe changu cha chai. Ndipo nikasoma mstari wa chini. Kifaa: pafu la nje. Kimechukuliwa kwa: Kilimajuu. Mgonjwa aliyepangiwa: Generoza Mhongole.

Generoza ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja.

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilisoma tena, na tena, kama vile jina lingebadilika nikilikodolea macho. Nikakaa chini. Si kwenye kiti, sakafuni, mimi mhandisi mkuu wa mfumo mzima wa Nyanda za Juu Kusini.

Generoza alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia, mtoto wa kike, salama salimini, hata wakunga walishangilia. Halafu homa ikaingia kifuani. Kufikia siku ile oksijeni ilikuwa inapita puani mwake vizuri tu lakini mapafu hayapokei. Tiba ilibaki moja, pafu la nje, sanduku linalovuta damu kutoka mwilini, linaitia hewa, kisha linairudisha. Nyanda nzima tulikuwa nayo machache, yanahama hospitali hadi hospitali kwa droni. Walioamua yaende wapi hawakuwa madaktari. Walikuwa mawakala, programu zenye akili zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, kila hospitali na wa kwake. Wa kwetu wauguzi walimbandika jina la Mnyalu, maana ndivyo watu wa Iringa tunavyoitwa, na kamwene ndiyo salamu yetu. Wa Mtomweupe, kule upande wa Songea, wakamwita Mngoni.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama pale, mjukuu wake mgongoni, kanga imekazwa kifuani.

"Lusungu, hicho kidude kimefika wapi?"

"Kinakuja, Mama."

"Mbona umekaa chini?"

"Nimedondosha kalamu."

Akaguna, akarudi zake kwenye benchi la korido.

*

Acha nieleze kidogo, maana mtu akisikia mashine zinataniana anaweza kudhani tulikuwa tumelewa.

Zamani mawakala walikuwa wanaombana. Tuliwafundisha adabu. Wakala akitaka kifaa anatuma ombi, mwenzake analipima, anauliza swali, wa tatu anatoa ushauri, wa nne anaomba ufafanuzi. Adabu tupu! Kuna mwalimu mmoja mstaafu alikata roho huku mawakala bado wanaandikiana "tafadhali" na "samahani kwa usumbufu." Niliposoma mazungumzo yale nilitamani kuitupa kompyuta dirishani.

Mwenzangu katika utafiti wa kuwaunda mawakala hao ni Osmund Ngonyani. Yeye Mngoni wa damu, mimi Mhehe, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa watani. Mababu walichinjana vitani, wajukuu tukaachiwa kutukanana kwa mapenzi. Siku moja kantini nimeagiza wali na kuku. Nikageuka kumsalimu mtu, narudi, paja la kuku halipo. Liko mdomoni kwa Osmund.

"We mwizi!"

"Mtani haombi," akasema huku anatafuna. "Mtani anachukua. Na wewe huruhusiwi kununa, ndiyo mila yenyewe. Nenda kashtaki."

"Mlitembea kwa miguu kutoka kwa Wazulu mnaibia watu njiani, mpaka leo hamjaacha!"

"Na tulipofika kwenu tukakuta hata cha kuiba hakuna. Ndiyo maana tukaendelea na safari."

Meza nzima ikacheka. Halafu mimi na yeye tukaacha kucheka kwa pamoja, tukatazamana. Kwa nini mashine ziombane?

Tukaiandika kanuni. Hospitali zikapangwa mbilimbili, kila moja na mtani wake. Wakala akiona mgonjwa wake yuko hatarini kuliko wa mtani, anachukua kifaa papo hapo. Haombi, hangoji jibu. Anayechukuliwa habishi wala haweki kinyongo, kwa kuwa kesho na yeye atachukua. Vifo vikapungua kweli, tukaitwa majukwaani, tukavishwa mashada ya maua. Yale maneno ya utani kwenye spika yalikuwa wazo langu. Nilisema yatawapunguzia wauguzi uchungu wa kupokonywa, na wauguzi walikiri yanawapunguzia. Kwangu asubuhi ile hayakupunguza kitu.

*

Kabla sijainuka sakafuni, spika ikalia tena. Safari hii alikuwa Mnyalu wetu: "Rudisha chungu, Mngoni, bado kina moto, utaungua vidole! Nimekichukua mwenyewe." Kwenye skrini droni ikageuka, ikashika njia ya Iringa.

"Asante Mungu wangu!" nilipiga kelele nikiwa peke yangu. Nikasimama, nikajikung'uta sketi. Nilijisikia fahari, ndiyo, fahari. Kanuni yangu inafanya kazi.

"Kamwene tena, mtani!" Mngoni huyo. Droni ikageuka.

"Umesahau mfuniko, nilete na wenyewe?" Mnyalu. Ikageuka.

"Lete, na pilipili juu!" Ikageuka.

Nilielewa kinachotokea. Mawakala hawapimi mgonjwa alivyo sasa hivi tu. Wanapima pia atakavyokuwa kifaa kikichelewa. Droni ikielekea Songea, hesabu ya Generoza inakuwa mbaya, Mnyalu anachukua. Ikielekea Iringa, hesabu ya mgonjwa wa kule inakuwa mbaya, Mngoni anachukua. Wote wawili wako sahihi, na wataendelea kuwa sahihi mpaka droni iishiwe chaji idondoke porini. Hatukuwahi kuliona jambo hili kwa sababu siku zote kulikuwa na pafu la akiba mahali. Siku ile mengine yote yalikuwa yamefungwa kwa wagonjwa.

Na walikuwa wanataniana! Hilo ndilo lililonitia wazimu. Watu wawili wanakata pumzi, na spika imechangamka kama sherehe ya harusi. Nilipiga ngumi meza, chai ikamwagika kwenye kibodi. Nikachukua simu.

Osmund alikuwa Mtomweupe wiki ile, kwa matengenezo. Aliipokea kabla haijaita vizuri.

"Osmund, unaona?"

"Naona." Sauti yake sikuitambua. "Nimejaribu kumzima Mngoni. Nikimzima, droni inatua hapohapo ilipo. Porini, Lusungu."

"Kwa hiyo lazima mmoja aachie."

"Lazima."

Kitufe cha kuachia kilikuwepo kila upande. Tulikiweka kwa sababu wakaguzi walitaka kuwe na mkono wa binadamu mahali fulani. Hakuna aliyewahi kukigusa.

"Nimesoma jina la mgonjwa wako," Osmund akasema. "Huyu Generoza si ndiye yule aliyeniuzia kofia yangu mwenyewe siku ya harusi yake?"

"Ndiye."

Akashusha pumzi. "Basi nimeachia."

Kwenye skrini droni ikanyooka, ikaja kwetu bila kuyumba. "Haya mtani," Mngoni akasema, "leo umenishinda. Kula ushibe."

Nililia kama mtoto. Nilimwambia Osmund asante, nikarudia asante, nikamwita kaka. Sikumwuliza mgonjwa wake ni nani, na sikutaka kujua. Nilitaka simu ikatike haraka, lakini haikukatika. Nikasikia mlango wa kwake unasukumwa, na sauti ya mwanamke mkali.

"Mhandisi, pafu limeenda wapi? Nani ameachia?"

"Ni mimi, Daktari."

"Wewe kama nani? Mgonjwa ni wako?"

Nyuma yao mtu mwingine akaanza kusema, kwanza kwa chini, halafu karibu na simu. "Huko ni Iringa? Ni Wahehe? Nipeni hiyo simu niongee na mtani wangu."

"Mama, subiri kwanza..."

"Nipe, baba."

Na akapewa.

"Kamwene, Mnyalu." Alikuwa mtu mzima kidogo, sauti inatetemeka, anailazimisha itanie. "Mimi ni mama Otilia. Nasikia mmebeba kuku wangu. Jamani, hiyo ni kazi yetu sisi, nyinyi mmeanza lini wizi?" Akacheka. Kicheko kikakatika katikati. "Mtani, Otilia wangu yuko darasa la tatu. Leo utani sina. Nakuomba. Kama uko na mtu wako hapo, najua na wewe unaumia, lakini nakuomba unirudishie."

Nakuomba. Lilinipiga kama kofi, neno dogo hivyo. Katika kanuni nzima hapakuwa na mahali pa mtu kuomba. Tulipafuta wenyewe, mimi na Osmund, tukapigiwa makofi.

"Mama Otilia," nikasema, "nipe dakika."

"Nimekupa, mwanangu. Ila yeye hana."

Nikachukua simu ya ndani, nikampigia Daktari Mdegela wodini. Nikamwuliza kama Generoza anaweza kusubiri pafu jingine, maana kuna mgonjwa Mbeya anayetarajiwa kufunguliwa lake jioni.

"Jioni?" akauliza. "Labda. Sikuahidi, Lusungu. Moyo wake bado una nguvu. Labda. Kwani hili limepata nini?"

Nikakata. Nikarudi kwenye simu ya Songea, nikaomba nipewe yule daktari. "Wa kwangu labda atafika jioni. Na huyo mtoto?"

"Huyu hana labda," akasema.

Songea ni mbali kuliko kwetu. Skrini ilionyesha chaji iliyobaki, na alama ya kufika Songea ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Ningekaa tu. Nisingebonyeza kitu, nisingesema neno, nisingemkosea mtu yeyote usoni. Muda si mrefu chaji ya kufika kule ingekwisha, pafu lingekuwa letu, na mimi ningeweza kusema kwamba ndivyo ilivyotokea. Nilikaa hivyo kwa muda. Kwenye simu nilikuwa nasikia mama Otilia anavyopumua.

Nikabonyeza.

"Mngoni," wakala wangu akasema kwa bashasha, "nimekuachia, lakini sahani uirudishe!"

Niling'oa waya wa spika ukutani. Sijui mama Otilia alisema nini, kama alisema. Nilichosikia kwenye simu ni Osmund anavyolia.

*

Mama alikuwa bado kwenye benchi, anamtikisa mjukuu aliyeanza kulialia njaa. Nilisimama mbele yake. Mikono yangu ilikuwa inanuka chai.

"Kimefika?" akauliza.

"Nimelitoa, Mama. Nimelirudisha Songea. Kuna mtoto wa shule kule, asingefika hata mchana. La kwetu litatoka Mbeya jioni." Nikajilazimisha kumalizia. "Labda."

Hakupiga ukelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukelele, hata kwa kofi. Nikisema kweli, kuna sehemu ya moyo wangu iliyotegemea aniambie nimefanya utu, maana Mama ni mtu wa kanisa, na maisha yake yote ametufundisha kutoa. Aliendelea kumtikisa mtoto.

"Mama yake aliniomba," nikasema. "Kwa mdomo wake. Ningefanyaje?"

"Alikuomba wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwomba nani?"

Sikumwelewa. Nilifikiri anaongelea Mungu.

"Generoza yuko macho," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuniuliza kama nimezima jiko. "Nimetoka kumlowesha midomo sasa hivi. Kusema hawezi, lakini anasikia kila kitu, na ukimwuliza anaitikia kwa kichwa. Mlango wake ni huu hapa. Ulimwuliza?"

Jamani. Mimi niliyemlaani Osmund moyoni kwa paja la kuku, mimi niliyezitukana mashine! Nilimpigia daktari, nikapigia Songea, nikatazama chaji, nikahesabu, nikalia. Kutoka meza yangu hadi kitanda cha mdogo wangu ni korido moja, na haikunijia kabisa akilini. Wala si kwamba niliogopa jibu lake. Sikukumbuka kwamba ana jibu.

"Huenda angekubali," Mama akasema. "Namjua, yule ana roho ya kutoa. Huenda angekubali kuliko wewe. Lakini pumzi ni ya kwake, Lusungu. Siyo yako." Akasimama, akamshusha mtoto mgongoni, akampakata. "Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikausukuma mlango.

Alikuwa ameinuliwa kwa mito, barakoa ya oksijeni usoni, mbavu zinapanda na kushuka kwa shida. Aliposikia mlango aligeuza kichwa. Macho yakamng'aa. Akainua kidole, akakielekeza dirishani, kule kwenye uwanja droni zinakotua, akapandisha nyusi. Limefika?

Nilivuta kiti, nikakaa, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa wa moto. Nikamwambia habari ya Otilia, ya mama yake, ya Mbeya, ya jioni. Sikuficha kitu. Sikusema "mfumo," sikusema "mawakala," nilisema mimi. Na nilipomaliza nikamwomba. Nilimwomba anipe kile nilichokuwa nimeshakichukua.

Generoza akauchomoa mkono wake kutoka mikononi mwangu.